Shingo ya Meja

Kinyozi wa karibu na stendi ya mabasi alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini wateja walilisahau siku nyingi wakambandika jina la Taratibu, nalo likamganda. Hakuna aliyepata kumwona akinyoa kwa pupa. Kichwa cha mtu, alikuwa akisema, si kiazi cha kumenya. Akishapitisha mashine na wembe na kupangusa kisogo cha mteja kwa spiriti, hakusema "tayari" kama vinyozi wengine. Alirudi nyuma kidogo, akailaza shingo yake upande wa kulia mpaka sikio likakaribia bega, akafumba jicho moja, akatazama. Mteja aliyemwona kwenye kioo akiwa katika hali hiyo alijua kazi imekwisha, akaanza kunyoosha miguu.

"Leo nimekaa sawa?" wangemuuliza.

"Kichwa kimekaa sawa. Mengine kamuulize mkeo."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba, kati ya fundi viatu na muuza vocha za simu. Kiti cha kuzunguka kilikuwa cha ngozi nyekundu iliyopasuka ikashonwa, ikapasuka tena. Feni ilizunguka ikipenda. Juu ya kioo hakubandika picha za vijana wenye mitindo ya nywele, kama ilivyo kwa wenzake. Alitundika picha moja tu, ya kaka yake mkubwa akiwa amevaa sare ya jeshi, nyota na mikanda vimekaa mahali pake, shingo imenyooka kama mlingoti. Mteja mgeni akiuliza ni nani, Taratibu alijibu, "Huyo ndiye mwenye duka. Mimi nanyoa tu."

Wala hakuwa anatania. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, na kaka mtu alijivika ubaba kabla ndevu hazijamwota. Alipoingia jeshini na kupelekwa kikosi cha wahandisi, wale wanaojenga madaraja na kufungua barabara zilizokatika, mdogo wake alikuwa ameshagombana na shule. Darasani hesabu ilimkimbia naye akaikimbia. Ndugu wengine walisema mtoto ameharibika, aachwe apambane na dunia. Kaka mtu alikuja likizo, akamchukua kwa mkono, akampeleka kwa mzee mmoja kinyozi pale stendi, akamwambia, "Huyu mdogo wangu ana mkono mtulivu. Mfundishe." Miaka ilipopita, mzee alipochoka, kaka ndiye aliyenunua kile kiti chekundu. Hakulitaja jambo hilo mbele ya watu hata siku moja. Watu wa nyumba ile walikuwa hivyo. Wakikusaidia, hawapigi tarumbeta.

Kaka alipanda cheo mpaka akawa meja, akaoa mwalimu aliyekuja kuwa mkuu wa shule. Shemeji huyo alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo na macho yaliyoona vumbi kabla halijatua. Taratibu alimheshimu mpaka heshima yenyewe ikakaribia woga. Mara ya kwanza alipokwenda kwao baada ya harusi, alizunguka akapita mlango wa jikoni, akiwa na mfuko wake wa mashine. Shemeji alimrudisha nje.

"Shemeji, nyumba hii haina ndugu wa mlango wa nyuma. Zunguka mbele, ubishe hodi, nikufungulie."

Akazunguka, akabisha, akafunguliwa. Tangu siku hiyo hakukosea tena, na kila alipokanyaga ile ngazi ya mbele alijisikia mtu.

Kisha ikaja ile mvua kubwa. Mto ulivunja daraja, na watu wa ng'ambo wakabaki wamezingirwa na maji. Meja alikwenda na vijana wake wakafunga daraja la vyuma, wakawavusha watu, wazee wamebebwa migongoni, watoto mabegani. Yeye alisimama ng'ambo ya pili akihimiza, na alikataa kuvuka mpaka wa mwisho avuke. Wa mwisho alivuka. Ukingo ukameguka na Meja akiwa juu yake.

Mji ulimlilia. Na kwa kuwa wengi wa waliovushwa siku ile walikuwa na ndugu mjini, shukrani hazikuishia kwenye mazishi. Walichangishana, manispaa ikaongeza, ikaundwa kamati, na ikaamuliwa kwamba Meja atasimamishiwa sanamu ya shaba nyeusi kwenye mzunguko wa barabara mbele ya soko. Isije ikasemwa kwamba familia iliomba. Kamati ndiyo iliyokuja nyumbani, ikabisha hodi mlango wa mbele, ikaomba ruhusa.

Fundi wa sanamu alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye nywele zilizojiotea kama nyasi za kiwanja kisicho na mwenyewe. Alizitazama picha zote za Meja zilizokuwapo, akakuna kichwa. Zilikuwa za vitambulisho na za gwaride, zote zinatazama mbele. Hakuna iliyoonyesha ubavu wa uso, wala kisogo, wala jinsi mabega yalivyokaa.

"Picha zinanipa uso tu," alisema. "Mimi nataka mtu. Hakuna ndugu aliyefanana naye?"

Mwenyekiti wa kamati, mstaafu wa idara ya maji aliyekuwa akinyolewa stendi, alicheka. "Nenda kamtazame kinyozi. Ukimvisha sare, utapiga saluti."

Taratibu aliposikia anatakiwa, aliweka mashine chini. Maisha yake yote alikuwa amepokea kwa kaka yake: shule aliyoichezea, ufundi, kiti, hata suti ya harusi. Hakuwahi kupata kitu cha kumrudishia, maana mtu aliye na kila kitu utampa nini? Sasa kaka hayupo, na kilichohitajika ni kile tu ambacho kinyozi alikuwa nacho, yaani umbo lake. Alikubali kabla hajaulizwa vizuri.

Sare ilikuwa kabatini kwa shemeji, imetundikwa ndani ya mfuko wa nailoni. Taratibu alikuwa mwembamba kuliko kaka yake, koti likampwaya. Shemeji alisimama nyuma yake sebuleni, akaibana nguo kwa pini mgongoni, moja baada ya nyingine, bila neno. Harufu ya nafthalini, dawa ya kufukuza nondo, ilimjaa puani. Aliona aibu kupumua.

"Usikunje mikono," shemeji alisema alipomaliza. "Ukikunja itafanya mistari."

"Sitakunja, shemeji."

"Najua. Nimesema tu ili nisikie sauti yangu."

Akaenda kusimama mbele ya fundi katika ghala la zamani la manispaa, lililonuka saruji na udongo mbichi. Siku ya kwanza alisimama kama anavyosimama kaka yake kwenye picha ya dukani: kifua mbele, kidevu juu, mikono imenata mapajani. Fundi alimzunguka, akaguna.

"Mzee, umekauka. Hivi ni kama umemeza ufagio."

"Si ndivyo askari wanavyosimama?"

"Kwenye gwaride. Mimi namtaka mhandisi aliyemaliza kufunga daraja anaangalia kama limekaa sawa. Usiwaze jeshi. Angalia kitu chochote unachokijali, jiulize kimekaa sawa au hakijakaa sawa."

Taratibu alitazama huku na huku ghalani. Kulikuwa na ndoo, mbao, na gurudumu la mkokoteni. Hakuna alichokijali. Kisha macho yake yakatua kwenye kichwa cha fundi. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimechomoza, upande wa kulia zimelala, na kisogoni palikuwa na kitu kisichosemeka. Hakuamua lolote. Shingo ililala yenyewe upande wa kulia, jicho likabana.

"Hapo hapo," fundi alinong'ona. "Usitikisike. Sasa nimempata."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kama lilikuwa kosa. Kinyozi aliulizwa kuhusu daraja akajibu kwa kichwa. Siku zote zilizofuata alisimama hivyo, kofia ya Meja kwapani, mkono wa kulia umeshika karatasi iliyoviringishwa badala ya ramani, akimnyoa fundi kwa macho. Ilimpendeza kazi ile. Alipokuwa amesimama pale alizungumza na kaka yake kimoyomoyo, akamwambia habari za duka na za watoto, akamshukuru kwa hili na lile, na udongo mbele yake ukawa unaumuka kuwa mabega, kidevu, na sikio.

Shemeji alialikwa kwenda kuona kabla udongo haujapelekwa kutolewa kalibu na kumiminiwa shaba iliyoyeyushwa. Alikataa. "Nilimwona akiwa mtu," alisema. "Sitaki kumwona akiwa udongo. Mtaniita akishakuwa kitu kisichovunjika."

Kwa hiyo aliyeikagua ni kamati, na kamati iliikagua ghalani, sanamu ikiwa chini, macho kwa macho. Kule ghalani shingo ile ilikuwa imeinama kidogo tu, kwa fikra. Hakuna aliyepiga hesabu kwamba itapandishwa juu ya msingi wa zege uliozidi kimo cha mtu, na kwamba watu wataitazama kutoka chini.

Siku ya kuizindua, mzunguko ulifurika. Shemeji alikaa safu ya mbele, mgongo umenyooka, Taratibu pembeni yake katika suti ile ile ya harusi. Hotuba zikasemwa, kitambaa kikavutwa. Watu walipiga makofi. Makofi yakapungua. Pale juu, katika jua la mchana, Meja alikuwa amelaza shingo upande wa kulia, jicho moja limebana, akivitazama vichwa vya wananchi vilivyojaa chini yake kimoja kimoja.

Kutoka nyuma, mahali fulani upande wa stendi, sauti moja ilisema bila hata kupazwa, "Jamani, si Taratibu huyo?"

Kicheko kilianza kama kikohozi, kikasambaa. Hakikuwa kicheko kibaya. Lakini Taratibu alihisi kama amevuliwa nguo hadharani, na si yeye tu, bali kaka yake pamoja naye. Alimtazama shemeji kwa pembe ya jicho. Shemeji alikuwa ametoa miwani machoni, ameishika mkononi. Hakucheka, hakugeuka, hakusema. Sherehe ilipokwisha, aliingia garini akaenda zake bila kumuaga mtu.

Wiki ile dukani hapakukalika.

"Taratibu, naona siku hizi una matawi," alianza fundi viatu wa jirani. "Moja hapa, jingine mzunguko wa soko."

"Tena lile la sokoni lina hewa safi," alidakia muuza vocha. "Asubuhi nimepita, Meja akaniangalia, nikajua kisogo changu hakijakaa sawa. Ndiyo maana nimekuja."

"Hivi ile aliyoshika ni ramani au mashine?"

"Mashine. Wanasubiri umeme uunganishwe."

Taratibu alicheka nao, maana kinyozi asiyecheka na wateja hufunga duka. Lakini meno yalicheka peke yake. Kila alipomaliza kichwa cha mtu na shingo ikataka kulala, aliizuia. Akaanza kuchanganya pande. Mteja mmoja alitoka na kidevu chenye ndevu nusu ndefu, nusu fupi, asijue mpaka alipofika nyumbani.

"Unakula kama mtu aliyekatazwa," mkewe alimwambia jioni, akiondoa sahani iliyojaa. "Ni hilo la sanamu?"

"Kaka alinijenga mimi. Nikapewa nafasi moja ya kumjenga yeye, nimemfanya kichekesho. Watoto wa watoto watapita pale wakicheka."

"Nenda kwa shemeji yako ukamuulize anaonaje."

"Nimuulize nini? Hajaniambia neno tangu siku ile. Yule mama haachi hata koma ipite bila kuisahihisha. Akinyamaza, ujue kosa limezidi wino."

"Au ujue amenyamaza tu. Huyo mama hata mimi namwogopa, lakini hajapata kukufungia mlango."

Hakwenda kwa shemeji. Alikwenda kwa fundi wa sanamu. Alimkuta ghalani akipakia vyombo, amenyong'onyea kama mtu ambaye mali yake imepigwa mnada.

"Mwanangu," Taratibu alisema, "shingo inaweza kunyooshwa?"

Fundi alifikiri. "Inaweza. Tunaikata chini ya kola, tunaingiza kipande, tunaunga kwa moto. Kovu litajificha kwenye kola. Lakini mimi siwezi kuigusa bila kamati, na kamati haiwezi bila familia."

"Mimi ni familia."

"Bila mjane hawatakubali, mzee."

Taratibu akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alishukuru sana, maana na yeye alikuwa hajui aanzie wapi. Akaitisha kikao, akampelekea mjane wa Meja taarifa kwamba atakuja kutoa ridhaa juu ya "marekebisho madogo." Taratibu alipopata habari kwamba shemeji ameshaambiwa, na kwamba hakuambiwa na yeye, alitamani angekwenda kwake kwanza. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Kikao kilifanyika katika chumba cha mikutano cha manispaa, chenye meza ndefu ya kitambaa cha kijani na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa. Mwenyekiti alikuwa kichwani mwa meza, wajumbe pembeni, fundi karibu na mlango kana kwamba atakimbia. Shemeji aliingia, akasalimia kila mtu kwa zamu, akaketi mkabala na Taratibu. Akavaa miwani.

"Mama," mwenyekiti alianza, "tunakupa pole kwa usumbufu. Sanamu ni nzuri. Hakuna anayesema si nzuri. Ila pana suala la shingo. Watu, unajua watu, wameanza kuleta mizaha. Tumeona kwa heshima ya marehemu iwekwe sawa, ilingane na picha." Akasogeza picha mezani, ile ya sare, shingo imenyooka. "Fundi anasema inawezekana. Na shemeji yako hapa ndiye aliyeleta ombi."

"Shemeji yangu," mama yule alirudia. Akamgeukia Taratibu. "Ulikwenda kwa mwenyekiti kabla hujaja kwangu?"

"Nilikwenda, shemeji."

"Kwa nini?"

Taratibu alisukuma kiti nyuma. Akasimama, kwa kuwa kukaa kulimshinda. "Shemeji, naomba unisamehe. Mimi niliambiwa nisimame kama kaka, nikasimama kama kinyozi. Sikukusudia. Kaka alinipa kila kitu, na nilitaka nimpe kitu hiki kimoja. Sasa nikipita pale namwona amesimamishwa juu, amevaa nyota zake, anachekwa kwa ajili ya shingo yangu. Ikatwe. Naomba ikatwe, arudi kuwa yeye."

Alikaa.

Shemeji aliichukua ile picha, akaiangalia kwa muda, akairudisha mezani kwa uangalifu.

"Siku ilipopigwa hii nilikuwepo," alisema. "Mpiga picha alimwambia, afande, nyoosha shingo. Akanyoosha. Ikalala tena. Akaambiwa tena. Mwisho nilikwenda mimi mwenyewe nikamshika kichwa kwa mikono miwili nikakiweka wima, nikaruka pembeni, picha ikapigwa. Mwenyekiti, kila picha uliyonayo ya mume wangu, shingo hiyo imenyooshwa na mtu."

Mwenyekiti aliivuta ile picha kwake, akaitazama upya.

"Alipokuja kwetu kujitambulisha, aliniangalia hivi," akalaza kichwa kidogo, miwani ikateleza, "nikadhani ana tatizo la sikio. Nikawa nazungumza kwa sauti ya juu mchana kutwa. Mama yangu akaniuliza, mbona unamfokea mgeni? Akitundika rafu ukutani, hivyo. Akimtazama mtoto aliyezaliwa jana, hivyo. Askari wake walikuwa wakimwigiza akiwapa mgongo. Siku moja aligeuka ghafla akawakuta kikosi kizima kimelaza shingo. Mnajua aliwafanya nini? Akawakagua mmoja mmoja, akawaambia wa tatu kutoka kushoto ndiye aliyepatia, wengine wafanye mazoezi."

Mjumbe mmoja aliangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Shemeji," mama aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "nani alikufundisha kunyoa?"

"Yule mzee wa stendi. Wewe unamjua."

"Kabla ya yule mzee."

Taratibu alikaribia kusema hakuna. Kisha akaona ngazi ya mlango wa uani wa nyumba yao ya zamani. Akaona shuka limefungwa shingoni mwake, na kioo kilichovunjika pembe kimeegemezwa ukutani ili ajione aache kulia. Mama yao alikuwa mshonaji, na mkasi wake wa vitambaa ndio uliokuwa mkasi wa kila kitu. Ndani ya kioo kulikuwa na kichwa chake kidogo, na juu yake uso wa kijana ambaye hajaota ndevu, mkasi hewani, amerudi nyuma kidogo anaangalia kama pande mbili zimelingana.

"Kaka," alisema. "Alikuwa akinikata nywele na mkasi wa mama."

"Akimaliza alikuwa anafanyaje?"

Hakuna aliyehitaji jibu, kwa sababu alipokuwa akikumbuka shingo yake ilikuwa imeshalala, na watu wote mezani walikuwa wakimtazama yeye, wakatazama picha, wakamtazama tena. Fundi wa sanamu, kule mlangoni, alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Hukumpa kaka yako shingo yako," shemeji alisema. "Umemrudishia ya kwake."

"Lakini shemeji, siku ya uzinduzi ulinyamaza. Uliondoka."

"Niliondoka kwa sababu kitambaa kilipovutwa nilimwona. Si picha, yeye. Nilijiandaa kuona kipande cha shaba, nikakuta mume wangu ananiangalia kama siku ile kwetu. Ulitaka niseme nini mbele ya wageni? Sikuwa na sauti. Nimekuwa nikingoja ije nikutafute nikushukuru, nikasikia unamtafuta mtu wa kumkata shingo." Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Tena safari nyingine ukiwa na jambo na mimi, njia unaijua. Zunguka mbele ubishe hodi."

"Ndiyo, shemeji."

Mwenyekiti alikohoa. "Sasa, mama, na hii mizaha ya watu?"

"Waacheni wacheke. Kikosi kizima kilimcheka, na bado walimfuata mtoni. Andika kwamba familia haikuridhia. Shingo ibaki ilivyo."

Ikaandikwa hivyo. Wajumbe wakasimama kumpa mkono mjane, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakampa mkono na kinyozi. Fundi alikuwa wa mwisho. Taratibu aliushikilia mkono wake.

"Mwanangu, wewe una kipaji kikubwa, nami nakushukuru. Lakini kesho upite dukani. Hicho kichwa kimenitesa muda wote ule na nilikatazwa kutikisika."

Walitoka pamoja, yeye na shemeji, na kwa kuwa gari lilikuwa limeegeshwa upande wa soko, ilibidi wapite mzungukoni. Jua lilikuwa limelegea. Chini ya msingi wa zege mama mmoja muuza ndizi alikuwa amepanga bidhaa zake juu ya gunia, amekaa katika kivuli cha Meja. Alipomwona mjane alimtambua, akainuka nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Biashara inakwendaje hapa?"

"Inakwenda, tunashukuru. Mama yangu mzazi alivushwa siku ile ya mto, kwa hiyo mie kukaa hapa naona kama kwangu. Ila mumeo, mama, nisamehe nikisema, ananikagua. Kila nikiinua macho ananitazama hivi. Siku hizi siji kazini bila kuchana nywele."

Taratibu aliganda. Kisha akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mazishi, na kwa kitambo hakujua inatoka wapi. Shemeji yake alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa zege kwa mkono, mnyororo wa miwani ukimruka kifuani, na yule muuza ndizi, baada ya kuhakikisha hajakosea, akacheka naye.

"Na mimi alinifanyia hivyo hivyo," shemeji alisema alipopata pumzi, akijipangusa macho. "Maisha yote ya ndoa yetu sikutoka mlangoni bila kuchana nywele."

Akachagua kichane cha ndizi, akakataa kupunguziwa, akampa Taratibu abebe. Walisimama kidogo wakitazama juu. Taratibu alitaka kusema asante, kwa shemeji, kwa kaka, kwa yule fundi mwenye nywele mbaya, kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, lakini maneno yalikuwa mengi na mlango mmoja, yakabanana. Shemeji alimgusa kiwiko.

"Twende, shemeji. Mkeo atadhani nimekufungia ndani."

Wakavuka barabara, yeye mbele akizuia magari kwa mkono ulioshika ndizi, shemeji nyuma yake, mgongo umenyooka, bado akicheka kidogo kidogo.